Treni Niliyoiondoa Kwenye Sura ya Kwanza

Sentensi ya kwanza ya riwaya yangu niliipenda kuliko sentensi zote nilizowahi kuandika. "Treni iliingia Muheza alfajiri, ikihema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima." Niliiandika usiku, watoto wamelala, kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku mpya, na nilipomaliza niliisoma mara tatu kwa sauti ya chini. Mwaka mmoja na miezi minne baadaye kaunta buku zilikuwa zimefika nne, neno "Mwisho" limeandikwa na kupigiwa mstari, na sentensi ile ilikuwa pale pale, haijaguswa. Mengine yote nilikuwa tayari kuyabadilisha. Ile hapana.

Riwaya inahusu manamba. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: manamba walikuwa vibarua wa mkataba walioandikishwa Kigoma, Njombe, Songea, Burundi na kwingineko, wakaletwa kwenye mashamba ya mkonge. Kila mmoja alipewa namba, na jina likatoka humo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, mwaka 1958, akaja Muheza kwa mkataba, akaoa Mbondei, hakurudi. Alifariki nikiwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni harufu ya ugoro na mikono yenye makovu madogo madogo ya miiba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kitabu hiki nilikiandika ili nijue mtu yule alikuwa nani kabla hajawa babu yangu.

Rasimu ya kwanza niliimaliza Septemba, na kabla sijapata nafasi ya kuitazama, mitihani ikafika. Kidato cha nne Novemba, kisha mitihani ya kufunga mwaka, kisha mrundo wa karatasi za kusahihisha. Kaunta buku zikakaa chini ya sanduku la nguo kwa wiki kumi na moja. Sikuziweka huko kwa busara yoyote. Muda tu haukuwepo. Lakini nilipozitoa Januari kuna kurasa nilizozisoma kama zimeandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo nikaona anasema sana.

Nilianza na koma. Nadhani wengi tunaanza hapo, hasa sisi walimu, kwa sababu kalamu nyekundu imezoea kazi hiyo. Nikarekebisha koma, nikatafuta visawe, nikabadilisha "akatembea" kuwa "akakokota miguu", nikarudisha "akatembea". Wiki tatu zikaisha na nilikuwa bado kwenye sura ya kwanza, sura inayong'aa kama sinia la harusi. Kumbe nilikuwa napaka chokaa ukuta utakaokuja kubomolewa.

Nikajikaza, nikaichapa yote kwenye laptopu ya kuazima, nikaipeleka steshenari. Kurasa 312, shilingi 100 kila ukurasa. Yule kijana wa steshenari akazifunga kwa spairo, akaniuliza kama ni tasnifu. Nikamwambia ni hadithi. Akaitazama mara mbili.

Nakala ya kwanza nilimpa mwalimu mwenzangu. Ya pili sikujua nimpe nani, mpaka Jumamosi moja nilipokwenda kumsalimia Bibi.

Bibi yangu, mke wa yule manamba, amepita miaka themanini. Kusoma alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, lakini sasa macho yamechoka. Jumamosi mchana hukaa barazani akimenya machungwa, na mjukuu wake mwingine huyapeleka kiwanjani jioni kuuza. Nilimwambia nimeandika kitabu kuhusu kambi. Akasema, "Basi nisomee, mikono yangu ina kazi lakini masikio hayana."

Nikaanza: "Treni iliingia Muheza alfajiri..."

Akanisimamisha kwa mkono wenye kisu.

"Treni ya kutoka wapi?"

"Kigoma, Bibi. Babu anakuja."

"Babu yako hakuja na treni. Alikuja na lori. Aliniambia mwenyewe, walifika na vumbi mpaka kwenye kope, hujui huyu nani na huyu nani."

Nilimbishia. Nawaomba radhi wazee wote, lakini nilimbishia. Reli ya Tanga ilifika Muheza tangu miaka ya 1890, enzi za Wajerumani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Treni zilikuwepo kwake, treni zilikuwepo kwetu. Mtu apande lori kwa nini? Bibi akaendelea kumenya. Akasema tu, "Mimi sijui reli. Najua lori."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba uzee umemchanganyia habari. Usiku nikafungua vitabu vyangu vya historia, na baada ya nusu saa nikakaa kimya. Reli zile mbili hazikuwa zikikutana. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1958 kijana wa Kasulu angeweza kupanda treni kwao, lakini mahali fulani njiani ilimbidi ashuke, na safari iliyobaki akaimalizia barabarani. Bibi alikuwa sahihi. Sentensi yangu nzuri ilikuwa uongo, na sura nzima iliyofuata, stesheni, kengele, mabehewa, mama muuza uji dirishani, yote ilikuwa imejengwa juu yake.

Siku nne sikugusa mswada. Nilijaribu hata kumsogeza babu mbele, aje mwaka 1964, ili treni ibaki. Lakini kumsogeza babu kulimaanisha kumsogeza mama yangu, na uhuru, na harusi, na mvua za sura ya tano. Yote hayo kwa ajili ya sentensi moja. Siku ya tano nikaikata.

Nataka kueleza nilivyoikata, kwa sababu hapo nilijifunza jambo ambalo nadhani ni letu sisi tunaoandika Kiswahili. Nilikaa kwenye laptopu nikaiagiza programu itafute "treni" kila mahali katika sura ya kwanza iweke "lori". Ikafanya hivyo kwa sekunde moja, mahali hamsini na nane. Nikapata "lori iliingia", "lori yenyewe ilikuwa imejaa", "waliisubiri lori", "lori ya tatu". Katika lugha yetu nomino haitembei peke yake. Ukiibadilisha, inaondoka na watu wake wote: kitenzi, kivumishi, kiwakilishi, hadi ule "i" mdogo uliojificha katikati ya "waliisubiri". Ikanibidi nipite sentensi moja moja, nifuate kila "i" niifanye "li", kila "ya" iwe "la".

Mwanzoni kazi hiyo iliniudhi. Baadaye nikaona ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu kila nilipofika kwenye sentensi kurekebisha upatanisho nililazimika kuuliza kama sentensi yenyewe bado inasema kweli. "Lori lilipiga honi mara tatu, abiria wakakimbilia madirishani." Madirisha gani? Lori halina madirisha huko nyuma. Lina mbao na turubai, na watu wamesimama wakishikana mabega. Hapo ndipo nilipolipanda lori lenyewe. Nikaona vumbi la Bibi. Nikaona kwamba watu waliosafiri wamesimama hivyo siku nzima, wakishuka, hawatembei mara moja. Wanakaa chini kando ya barabara kwanza. Sura mpya ikaanza na kijana aliyekaa chini, asiyeweza kuinuka kwa sababu miguu imekufa ganzi, na mnyapara anadhani ni mkaidi. Sura ya zamani ilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Hii ina kurasa tisa.

Baada ya treni niliingiwa na hofu ya kila kitu. Nikatenga wiki mbili za tarehe tu, bila kugusa lugha. Mwaka 1962 babu alikuwa anasikiliza "Radio Tanzania", wakati nchi yenyewe haikuwa na jina hilo mpaka mwaka 1964. Alilipwa kwa noti yenye picha ya Mwalimu Nyerere, ilhali Benki Kuu ilianza kutoa fedha zetu mwaka 1966. Kabla ya hapo tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Makosa haya niliyakamata mwenyewe. Lile kubwa alilikamata Bibi. Katika sura ya saba vijana wanacheza ngoma usiku wa Idd, na nilikuwa nimeandika kwamba mbalamwezi imemwagika juu ya mkonge mpaka miiba inaonekana. Kisu kikasimama.

"Idd ipi hiyo?"

"Idd ya kumaliza Ramadhani, Bibi."

"Mwezi umeandama jana, mbalamwezi ameitoa wapi?"

Nilifunga Ramadhani zaidi ya ishirini kabla ya kuandika ukurasa ule. Najua mwezi wa Idd unavyotafutwa, uzi mwembamba machweo, na baada ya muda mfupi umetua. Lakini nilipokuwa naandika nilitaka mwanga kwa ajili ya mapenzi ya Bahati, jina nililompa babu riwayani, na Zena, nikauwasha tu. Sasa wanakutana gizani, na wanatambuana kwa sauti. Ni pazuri zaidi, ingawa sikupafanya pazuri mimi.

Mikono ya Bibi ndiyo iliyonifundisha kusikiliza kuliko maneno yake. Anamenya chungwa bila kukata ganda, linashuka utepe mmoja mrefu mpaka magotini. Niligundua kwamba nikisoma pahali palipokaa sawa, utepe unapungua mwendo, halafu kisu kinasimama katikati ya chungwa. Nikisoma pahali palipolegea, anamenya kwa kasi, na machungwa yanaongezeka kwenye beseni. Pahali palipokufa kabisa anawafukuza kuku. Hajui kwamba anafanya hivyo na sikumwambia, nisije nikauharibu mkono wake. Nilikuwa na penseli. Kisu kikisimama naweka nukta pembeni ya aya. Kuku wakifukuzwa naweka msalaba.

Sura ya korona ilipata misalaba sita. Korona ndicho kiwanda cha kuchakatia mkonge, na nilikuwa nimefanya utafiti wa miezi. Nilieleza jani linavyoingia, mashine inavyolikamua, nyuzi zinavyotoka kijani na kuanikwa mpaka zinakuwa nyeupe, namna ambavyo katika uzito wa jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu, mengine yote maji na makapi. Nikaeleza mavuno ya mwaka 1964, zaidi ya tani 200,000 kwa nchi nzima. Nikaeleza vikonyo na maotea, yaani miche ya mkonge, na mlingoti wa maua ambao mkonge ukishautoa unakufa. Kurasa kumi na moja. Yote ni kweli, na kila moja lilinigharimu nauli na usiku, na kuku walifukuzwa sita. Lakini palikuwa na mstari mmoja mwishoni, ambapo Bahati analala usiku anajikuna mikono kwa sababu ya maji ya mkonge yanayowasha, na kisu kilisimama hapo. Bibi akasema, "Alikuwa anajikuna hata akiwa usingizini. Miaka yote." Nikaondoa kurasa kumi na nusu. Ule mstari ukabaki, ukasogea mwanzo wa sura.

Kukata utafiti kunauma kuliko kukata lugha nzuri. Lugha nzuri unajua utaandika nyingine. Utafiti unaona kama unawasaliti watu waliokueleza. Mzee mmoja aliyefanya kazi korona kwa miaka mingi alikaa na mimi asubuhi nzima, akanichorea mashine kwa kijiti mavumbini. Jina la kila kifaa alilonitajia lilikuwa kwenye kurasa zile. Nilijifariji kwamba nisingeujua ule muwasho bila ile mashine, na ni kweli, lakini bado sijaenda kumwambia.

Mwalimu mwenzangu naye alirudisha nakala yake. Yeye hakumenya machungwa; yeye alihesabu. Alinionyesha ukurasa ambao nilikuwa nimeandika "akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akapita, akafika, akasimama, akatazama", vitenzi kumi na tisa vya "ka" vimefuatana, akanisomea kwa sauti katika chumba cha walimu mpaka wenzetu wakageuka. Akanionyesha "ghafla" mara tisini na nne. Hakuna riwaya ya mambo tisini na manne ya ghafla. Akanionyesha "ambaye" kila mahali: "mtu ambaye alikuwa amevaa koti ambalo lilikuwa limechanika", wakati ningeweza kusema "mtu mwenye koti lililochanika" na kwenda zangu. "Ambaye" zile nilizipata darasani, kwenye kutafsiri sentensi za Kiingereza ubaoni, zikanikaa mkononi.

"Ghafla" nilibakiza tatu. "Ambaye" nilizipunguza mpaka zikawa pale tu ambapo sentensi ingejikunja bila yake. Lakini "ka" tulibishana. Aya nyingi alikuwa sahihi, hadithi ilikuwa inakimbia tu bila kukanyaga. Ila kuna ukurasa wa kukata mkonge, siku ya kwanza ya Bahati shambani, ambao niliuacha na "ka" zake zote. Akainama, akakata, akang'oa mwiba, akafunga, akabeba, akarudi, akainama. Kazi ile ilikuwa hivyo hivyo. Kadi ya kipande ilikuwa na siku 30, na siku isiyokamilika haikuwekewa alama. Mwenzangu aliposoma tena akaniachia ukurasa ule.

Palikuwa na tatizo jingine ambalo yeye hakuliona, kwa sababu macho ya msomi hujaza mapengo yenyewe. Niliandika: "Zena alimtazama mama yake. Alikuwa amechoka. Akamshika mkono, akamwambia asiende." Kichwani mwangu picha ilikuwa wazi kabisa. Bibi akauliza, "Nani amechoka? Nani asiende?" Nikasoma tena. Kweli, "a" ni ya yeyote na "m" ni ya yeyote. Lugha yetu haimbagui mwanamke na mwanamume katika kitenzi, jambo ninalolipenda, lakini wakiwa watu wawili chumbani, kila "akamwambia" ni fumbo. Nilipozichunguza sura zangu nikakuta zaidi ya mahali sabini ambapo msomaji alihitaji kuwa ndani ya kichwa changu ili ajue nani anamshika nani. Kurudia majina kila sentensi kungefanya hadithi iwe kama orodha ya mahudhurio. Nilichofanya ni kutumia udugu, "bintiye", "mkewe", "mama mtu", na pale palipowezekana nikawaacha waseme wenyewe. Sasa inasomeka: "Mama mtu alikuwa amechoka. Zena akamshika mkono. 'Usiende, mama.'" Kisu kilisimama hapo pia.

Swali lililobadilisha kitabu chenyewe lilikuja wiki ya tisa ya kusoma, na aliliuliza kama anaulizia bei ya chumvi. Zena anaingia kwenye riwaya katika sura ya sita, anachota maji, Bahati anamwona, wanapendana. Bibi akauliza, "Huyu mtoto kabla hajaonwa alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa kwao, Bibi."

"Kwao anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa namwuliza kila mtu kuhusu manamba, nimejaza kaunta buku nne kuhusu mwanamume aliyetoka mbali, na mwanamke aliyekuwa mwenyeji wa hadithi yote alikuwa ameketi mbele yangu anamenya machungwa, sijamwuliza hata siku moja. Jumamosi hiyo sikusoma. Niliweka mswada chini nikauliza. Alizungumza mpaka taa ikawashwa: jinsi wenyeji walivyoyatazama malori yale yakipita, walivyokatazwa wasichana kukaribia kambi, jinsi baba yake alivyosema hamwozi bintiye kwa mtu mwenye namba. Kutokana na siku ile kuna sura tatu mpya, na Zena anaanza katika sura ya pili, kando ya barabara, anaona kijana aliyekaa chini asiyeinuka. Hizo sura tatu hazikuwa marekebisho tena. Niliandika upya kama siku ya kwanza, kwa hofu ile ile. Nusu ya vitu nilivyokuwa nimevisafisha vikachafuka tena, kwa sababu Zena akishaonekana mapema, mazungumzo yote ya baadaye yanabadilika.

Mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji aliyesoma toleo la tatu aliniandikia kurasa nne, na nashukuru kwa karibu zote. Alitaka niweke maelezo ya chini ya ukurasa kwa maneno kama "kipande" na "mnyapara". Nilikataa, msomaji atayaelewa kwa kuona mtu anayaogopa. Alinitaka pia niondoe sura ya mwisho, na hapo alinigusa penye kidonda. Sura ile ilikuwa Februari 1967, Azimio la Arusha, mashamba yanataifishwa, wazee wamekusanyika redioni, na mimi mwalimu nimeingia humo kufafanua maana ya maisha yao. Pembeni aliandika sentensi moja: "Hapa mhusika ametoka, umebaki wewe." Chini yake akauliza: "Je, alijaribu kurudi kwao hata mara moja?"

Nilimpelekea Bibi swali lile kama lilivyo. Alikuwa na chungwa mkononi. Alilimaliza, akaliweka kwenye beseni, hakuchukua lingine.

"Alinunua tiketi," akasema. "Reli ilikuwa imeshaunganishwa. Ilikuja barua kwamba mama yake mgonjwa. Akaenda stesheni, akalipa mpaka Kigoma, daraja la tatu. Niliiona kwa macho yangu, kikaratasi kigumu, kidogo hivi." Akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Nikamfungia chakula cha njiani. Siku ya safari ikafika. Akaamka, akanawa, akachukua kisu, akaenda shambani kukata mkonge."

"Ulimwuliza kwa nini?"

"Nimwulize nini? Nilikuwa na mama yako mgongoni."

Nilirudi nyumbani na treni yangu. Ile ya alfajiri niliyoiondoa sura ya kwanza haikuwa na mahali mwaka 1958, lakini mwaka 1965 ilikuwepo, na ilisimama stesheni ya Muheza ikimsubiri mtu mmoja ambaye hakuja. Niliiandika sura ya mwisho kwa usiku miwili. Sikuweka Azimio, sikuweka bei ya mkonge wala nyuzi za plastiki zilizokuja kuushusha. Bahati yuko shambani, ameinama, anaisikia honi kwa mbali, anahesabu majani ya fungu lake, na jioni anarudi nyumbani na tiketi iko kwenye sanduku chini ya nguo. Mswada mzima ulikuwa umeshuka kutoka kurasa 312 hadi 204.

Jumamosi iliyofuata nilimsomea Bibi sura hiyo. Kisu hakikuwepo, machungwa msimu wake ulikuwa umepita, mikono aliiweka tu mapajani. Nilisoma mpaka mwisho, bila nukta wala msalaba, kwa sababu sikujua niziweke wapi. Kuku walipita. Akakaa muda.

"Hakuiweka kwenye sanduku," akasema. "Aliiweka kwenye Msahafu. Niliikuta siku tuliyomzika."

Nikachukua penseli, nikakata neno sanduku, nikaandika Msahafu juu yake, kisha nikaanza kuzifuata "li" zote za ukurasa ule, moja baada ya nyingine.